Bendera Tatu Juu ya Paa: Tathmini ya Karakana ya Kushona Bendera Jijini Jinja

Mwezi uliopita, sisi wakazi kumi na wawili wa Jinja, Uganda, tulichanga shilingi 15,000 kila mmoja, zikafika 180,000, tukazipeleka kwa fundi mmoja wa bendera ambaye karakana yake iko mwendo mfupi kutoka sokoni, ili atushonee bendera tatu za majaribio. Hatukutumwa na halmashauri, wala hatuna cheo chochote katika uongozi wa jiji. Tulikuwa tumebishana kwa majuma mengi, jioni baada ya jioni, juu ya swali moja: kama bendera ya jiji letu ingebuniwa upya, ingefaa iweje? Jinja ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi wa Julai mwaka 2020, pamoja na Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Masaka na Fort Portal, na tangu hapo wengi wetu tumekuwa na hamu ya alama ambayo mtoto wa Walukuba na mwenye duka wa Main Street wangeiona kwa mbali na kila mmoja akasema kwamba ni yake. Haya ninayoandika ni tathmini ya kazi ya fundi huyo, lakini kwa kuwa kazi yake haitenganiki na maoni tuliyompelekea, itanibidi nieleze yote mawili.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa mbao unaofungukia barazani, katika safu ya maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi. Ndani mna vyerehani viwili vya kukanyaga kwa miguu, kimoja cha umeme cha kufungia kingo, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na pasi ya makaa kwa ajili ya siku ambazo umeme unakatika. Kilichonivutia zaidi kilikuwa ukutani. Fundi, ambaye mtaa mzima unamwita Hajati, ametundika vipande vya bendera kuukuu alizoletewa kwa miaka mingi zishonwe upya, na juu ya kila kipande ameandika kwa chaki mahali bendera ilipokuwa ikipepea na miezi iliyodumu. Karibu vyote vimechanika mahali pamoja, kwenye pembe ya juu ya ukingo wa nje, ule unaopigwapigwa na upepo. Ndiyo sababu yeye hushona ukingo huo mistari minne ya uzi, wakati mafundi wengi huridhika na miwili, na kwenye pembe huongeza kiraka cha ndani ambacho mtu hakioni mpaka akishike kwa vidole.

Kabla ya kutaja bei alituuliza maswali matatu: bendera itatundikwa wapi, mlingoti una urefu gani, na mtu wa kuitazama atakuwa amesimama umbali gani. Tulitazamana. Katika vikao vyetu tulikuwa tumezungumza habari za historia, wanyama, rangi na heshima ya wazee, lakini hakuna hata mmoja aliyetaja macho ya mtu anayepita njiani. Akaniambia, "Mwalimu, nyinyi mmechora kitu cha kuwekwa juu ya meza. Mimi nashona kitu cha kutundikwa juu." Nakiri kwamba maneno hayo yalinichoma kidogo, kwa sababu mchoro wa kwanza nilikuwa nimeutetea mimi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mchoro huo ulikuwa nembo katikati ya kitambaa cheupe, na ulipatikana kwa njia iliyoonekana kuwa ya haki: kila mkazi alitoa maoni, na kila oni likapewa nafasi. Mzee wetu aliyestaafu kutoka kiwanda cha nguo, kile ambacho wengi walikijua kwa jina la Nytil, alitaka bomba la moshi na gurudumu lenye meno. Kijana wa bodaboda alitaka daraja. Mama anayeuza samaki alitaka samaki, kisha pakazuka ubishi mrefu kama awe sangara au sato, maana sangara ndiye anayeleta fedha viwandani na sato ndiye anayeliwa nyumbani. Mwingine alitaka bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls. Mimi niliomba maneno: jina la jiji juu, na kaulimbiu chini yake. Aliyependekeza korongo mwenye taji peke yake ndiye aliyekataliwa, kwa hoja kwamba ndege huyo ni wa taifa zima na tayari anayo bendera yake. Tulipomaliza hakuna aliyekuwa amekasirika, na tulidhani kwamba hiyo ndiyo dalili ya mchoro mzuri.

Hajati aliitengeneza bendera hiyo bila kupunguza hata meno ya gurudumu. Kwa kuwa nembo kama ile haishoneki kwa vipande, aliichapa kwa rangi, na uchapaji wake ulikuwa safi: mistari haikutapakaa, na samaki (mwishowe alikuwa sangara) alionekana hadi magamba. Juu ya meza ilipendeza sana. Kisha akaifunga kwenye mwanzi juu ya paa la karakana, akatuvusha barabara, na akatuhesabia hatua sitini hadi kwenye meza ya kijana anayekaanga chapati. Kutoka pale tuliona kitambaa cheupe chenye doa la rangi ya udongo katikati. Upepo ulipokigeuza, maneno niliyoyapigania yalisomeka kinyumenyume, kwa maana rangi ilikuwa imepenya hadi upande wa pili. Hajati alieleza kwamba dawa yake ni kushona vitambaa viwili mgongo kwa mgongo, lakini bendera ya namna hiyo huwa nzito na hailali hewani mpaka uje upepo wa tufani. Kijana wa chapati, aliyekuwa akitusikiliza huku akipindua mayai, aliitazama bendera kwa muda akauliza, "Hiyo ni ya shule gani?"

Swali hilo lilitupa jibu ambalo vikao vyetu vyote havikutupa. Bendera nyingi za taasisi tunazoziona hapa nchini hufuata mtindo huo huo wa nembo na maneno juu ya kitambaa kitupu, ndiyo maana jicho haliwezi kuitofautisha ya shule na ya hospitali au ya jiji. Wala si shida ya Uganda peke yake. Kule Marekani, katika jimbo la Idaho, mji wa Pocatello ulikuwa na bendera yenye maandishi ya kujisifu na hata alama ya haki ya kibiashara. Mwaka 2004 chama cha wataalamu wa bendera cha Amerika Kaskazini kilipokusanya maoni juu ya bendera za miji 150, ya Pocatello ilishika mkia. Wakazi wake waliona haya, wakalishughulikia, na mwaka 2017 mji ukapitisha bendera mpya isiyo na herufi hata moja. Habari hizi tulisomewa na binti mmoja wa chuo aliyemo katika kikundi chetu, naye kwa miezi miwili alikuwa akituambia kwamba herufi hazina kazi juu ya mlingoti. Hatukumsikiliza mpaka tulipojionea wenyewe juu ya paa.

Mjadala wa rangi ulikuwa mgumu kuliko wa picha, na hapa ndipo nilipoanza kuamini kwamba karakana hii inatoa huduma zaidi ya kushona. Katika nchi yetu rangi ina mwenyewe, nacho ni chama cha siasa. Njano ni ya NRM, nyekundu imechukuliwa na NUP, buluu ni ya FDC, kijani ni ya DP, na mtu akivaa fulana ya rangi fulani wakati wa uchaguzi anaulizwa amehamia wapi. Kwa hiyo kila rangi iliyotajwa katika vikao vyetu ilipata mtu wa kuikataa, na walioikataa walisema kwa uchungu wa kweli, kwa kuwa wapo kati yetu ambao ndugu zao waliumizwa kwa ajili ya rangi hizo. Historia yenyewe inawapa haki ya kuwa na hofu. Kabla ya uhuru, serikali ya DP chini ya Benedicto Kiwanuka ilikuwa imeandaa bendera ya taifa yenye kijani, buluu na njano; chama hicho kiliposhindwa katika uchaguzi wa Aprili 1962, chama cha UPC kikaiweka kando, na bendera iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba mwaka huo ilikuwa hii tunayoijua, iliyobuniwa na Grace Ibingira, yenye milia sita ya nyeusi, njano na nyekundu. Anayesema kwamba rangi ya bendera haihusiani na siasa hajaishi Uganda.

Hajati alitusikiliza mpaka tukachoka. Kisha akashusha majora kutoka rafuni, akayapanga mezani moja baada ya jingine, akasema, "Haya, nionyesheni rangi ambayo haina mwenyewe." Hatukuipata, isipokuwa nyeusi na nyeupe. Ndipo akavuta jora la buluu, si ile buluu iliyokolea ya fulana za kampeni bali iliyoelekea kwenye kijivu, akalipeleka mlangoni, akalikunjua kwenye mwanga wa saa kumi na moja, akatuuliza tuseme inafanana na nini. Mama wa samaki alijibu kwanza: ni ziwa asubuhi, kabla jua halijapanda. Mtu wa siasa angeweza kubisha, lakini hakuna aliyebisha siku ile.

Bendera ya pili ilikuwa ya daraja: nusu ya juu nyeupe, nusu ya chini buluu, na katikati nguzo na nyaya zake kwa rangi nyekundu. Vijana waliipenda kupita kiasi, na ninawaelewa, maana tangu daraja la Nile lilipofunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 2018, lenye urefu wa mita 525, ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni anayetoka Kampala anaona akiingia mjini. Kutoka hatua sitini ilionekana vizuri zaidi kuliko ya kwanza. Hata hivyo bodaboda mmoja anayeishi Njeru, aliyekuwa amesimama tu kusubiri abiria, alituuliza kwa upole kwa nini tunachukua daraja lote ilhali mguu wake mmoja uko kwao, wilaya ya Buikwe. Sikuwa na jibu, na bado sina. Zaidi ya hapo, nyaya za daraja zilishonwa kwa vipande vyembamba mno. Bendera ilipotulia bila upepo zilijikunja zikawa kama kamba iliyofungwa ovyo.

Ya tatu ilitokana na maneno ya bibi mmoja ambaye katika vikao vyote alizungumza mara moja tu. Aliziona poromoko za Ripon akiwa msichana mdogo, kabla bwawa halijakamilika na maji hayajazifunika, na alituambia kwamba ngurumo yake ilisikika usiku kucha, na mawe yake meusi yalikuwa yakitokeza mgongo kama viboko. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo mwaka 1862, akayapa maporomoko jina la mtu wa kwao. Wenyeji walikuwa wameshapaita mahali hapo kwa jina lao, na ndilo lililobaki kuwa la mji, kwa kuwa jinja maana yake ni jiwe. Bibi aliuliza ni kwa nini mji unaoitwa Jiwe utafutiwe alama ya daraja. Basi tukamchorea Hajati pembetatu nyeusi upande wa mlingotini, na kutoka kwenye ncha yake mkanda mweupe unaopanuka mpaka ukingo wa nje, katikati ya ile buluu ya asubuhi: mawe, kisha maji yanayotoka ziwani kuanza safari ya kwenda Misri.

Katika kuishona hiyo ndipo nilipoona ufundi wake wote. Mkanda mweupe haukubandikwa juu ya buluu. Aliikata buluu, akaunganisha vitambaa kwa mshono bapa uliokunjwa mara mbili, hivyo pande zote mbili za bendera ni sawasawa na hakuna uzi unaoning'inia. Ncha ya pembetatu, mahali rangi tatu zinapokutana, ni kazi inayowashinda mafundi wengi kwa sababu vitambaa vinakusanyika na kufanya uvimbe. Niliipapasa kwa kidole gumba nikakuta pametulia kama karatasi. Juu ya paa, kutoka kwa muuza chapati, nyeusi, nyeupe na buluu zilitengana waziwazi, na hata upepo ulipokufa na kitambaa kikaning'inia, rangi zote tatu ziliendelea kuonekana. Mjukuu wa bibi, mwenye umri wa miaka saba, aliichora siku iliyofuata kwenye daftari bila kuitazama, na hakukosea.

Sikusema kwamba sote tulikubaliana. Mzee wa kiwanda cha nguo bado anaipinga, na hoja yake ni nzito: kwamba Jinja ilijengwa kwa mikono ya wafanyakazi waliotoka pande zote, Wasoga, Waganda, Wasamia, Wajaluo, Wanubi na Wahindi, waliozungumza Kiswahili viwandani kwa kuwa ndiyo lugha iliyowakutanisha, na kwamba bendera yenye mawe na maji inaonyesha Jinja kabla ya watu. Aliukumbusha mkutano habari za New Zealand, ambako michoro 10,292 ilipelekwa, zikatumika takriban dola milioni 26 za nchi hiyo, na katika kura ya mwisho ya mwaka 2016 asilimia 56.6 wakachagua kubaki na bendera ya zamani. Anaogopa kwamba na sisi tutawachosha watu kisha waseme wanataka ya jana. Mimi naona tofauti kubwa kati ya kura iliyogharimu mamilioni na wakazi kumi na wawili waliojilipia vitambaa, lakini siwezi kusema kwamba amekosea kuhusu wafanyakazi. Ombi lake moja lilikubaliwa: bendera ya tatu ishonwe kwa pamba, kwa heshima ya mji uliofuma pamba.

Hapo ndipo kasoro zinapoanza. Pamba ile ilikuwa nzuri mkononi, na rangi yake haikung'aa kwa kuumiza macho, lakini mvua ya siku ya nne iliilowesha ikawa nzito kama blanketi, na haikukauka mpaka alasiri ya siku iliyofuata, wakati zile mbili za poliesta zilikauka kwa muda wa saa moja hivi. Hajati alikuwa ametuonya, kwa hiyo lawama hiyo si yake. Iliyo yake ni ya bendera ya pili: wekundu wa daraja ulitoa rangi, ukatiririka juu ya weupe, na bendera ikawa na michirizi ya waridi ambayo haitoki kwa sabuni. Alikubali mara moja kwamba kitambaa chekundu alikinunua bila kukijaribu kwa maji, akajitolea kuishona upya bila malipo, ingawa tulimwambia haina haja. Vilevile pete za chuma za kupitishia kamba zilianza kuota kutu ndani ya juma moja, jambo ambalo sikulitarajia katika kazi ya mtu anayejali kingo kiasi kile. Na alichelewa. Alituahidi juma moja, zikapita siku kumi na sita, na simu zangu mbili hazikupokelewa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amepata kazi kubwa ya sherehe ya shule, lakini mteja anastahili kuambiwa mapema.

Bei ya shilingi 60,000 kwa bendera ya sentimita 90 kwa 135 naiona kuwa ya haki kabisa, hasa kwa ya tatu, ambayo mishono yake pekee ilimchukua siku mbili. Kikundi chochote cha wakazi, shule au ushirika unaofikiria kubadilisha bendera yake ningeuelekeza kwake bila kusita, kwa sharti kwamba waende na michoro zaidi ya mmoja, wamwombe awapandishe juu ya paa kabla hawajapiga kura yoyote, walipe nusu kwanza, na wakubaliane naye tarehe kwa maandishi. Wale wanaotaka kuchapiwa nembo kwa haraka na kuondoka watapata kazi safi, ila sidhani kama watakuwa wamepata kilicho bora katika chumba kile.

Sisi tumerudi kwake juma hili na kuagiza mbili zaidi za mchoro wa tatu. Ya kwanza ni ya poliesta, pete zake ziwe za shaba, na itapepea juu ya paa lake kwa mwezi mmoja ili wapita njia waione na kusema wanavyoiona, kisha tutaipeleka halmashauri pamoja na maoni yao tuliyoyaandika. Ya pili ni ya pamba, ya kutundikwa ndani ya ukumbi, na Mzee amesema ataigharimia yeye peke yake, mradi Hajati amruhusu achague kitambaa mwenyewe.